Chujio la Maji Likiziba, Usimwage Mchanga



Maji ya kisima huweza kuonekana safi kwa macho, kumbe yana vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu. Kwa sababu hiyo nyumba nyingine huchuja maji kwa chujio la mchanga. Chujio hilo ni pipa la zege au la plastiki. Ndani yake mna mchanga laini, na chini ya mchanga mna kokoto.

Wakati wa mvua tope huingia kisimani. Ndipo chujio huziba, na maji hutoka tone kwa tone. Mama mmoja alichoka kungoja. Alimwaga mchanga wote, akauosha, akaurudisha. Maji yalitoka kwa kasi, naye akafurahi. Baada ya siku chache alileta watoto wake wawili zahanati. Walikuwa wanaharisha.

Kosa lilikuwa wapi? Juu ya mchanga hujengeka utando mwembamba wa viumbe wadogo sana. Viumbe hao hula vijidudu vya magonjwa. Mama yule aliwatupa walinzi wake bila kujua. Utando mpya huweza kuchukua siku 30 kukomaa.

Chujio lako likiziba, fanya hivi:

1. Jaza chujio maji, kisha kinga kwa chupa ya lita 1. Chupa ikichukua zaidi ya dakika 10 kujaa, safisha chujio.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Ondoa bati lenye matundu lililo juu ya mchanga.

3. Hakikisha maji yamefunika mchanga. Vuruga sehemu ya juu tu, polepole, kwa vidole. Usichimbe.

4. Chota maji machafu kwa kikombe. Yamwage mbali na kisima.

5. Sawazisha mchanga, rudisha bati, jaza maji, upime tena. Kama bado ni polepole, rudia.

Kuchemsha maji ya kunywa ni vizuri siku zote. Lakini mwezi baada ya kusafisha, usiache hata siku moja. Yachemshe mpaka yatokote.

Ili chujio lisizibe upesi, acha maji ya tope yatuame ndooni usiku kucha. Asubuhi mimina yale ya juu kupitia kitambaa safi. Tumia chujio kila siku, wala usiache mchanga ukauke.

Kumbuka: chujio zuri halina haraka. Ngoja maji, uokoe watoto.