MAELEZO KWA WANANCHI: CHAJA ZISIZOTUMIA WAYA NA USALAMA WA MWILI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba maelezo haya yanahusu vifaa vinavyopeleka umeme bila ya waya, khasa zile chaja ambazo mtu huilaza simu juu yake nayo ikaingia chaji. Masuala yanayoulizwa kuhusu vifaa hivyo ni mawili. La kwanza ni iwapo mionzi yake inaudhuru mwili. La pili ni iwapo mtu aliyepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo anaweza kuvikaribia. Suala la kwanza ndilo linalovumishwa zaidi; la pili ndilo lenye uzito zaidi, na aghlabu halisemwi.

Kwanza yafaa ifahamike namna chaja hiyo inavyofanya kazi, nayo si ajabu mpya. Ni kazi ile ile ya transfoma tunazoziona juu ya nguzo. Ndani ya chaja umo waya wa shaba uliozungushwa mfano wa ukili unaoanza kushonwa mkeka wa duara. Umeme unapopita humo, huku ukienda na kurudi aghlabu baina ya mara 87,000 na mara 205,000 kwa kila sekunde, huzaliwa nguvu ya sumaku inayopandashuka. Nguvu hiyo huufikia waya wa namna hiyo hiyo uliomo mgongoni mwa simu, na humo hugeuka tena kuwa umeme. Kwa simu ya kawaida, kiasi kinachopita ni wati 5 hadi 15.

Neno "mionzi" limewatia watu khofu kwa sababu hutumika kwa mambo yenye tafauti kubwa. Mionzi ya eksirei inao uwezo wa kuvunja viungo vya kemikali vilivyomo katika chembe hai za mwili, na ndiyo maana mpigaji picha hospitali hujificha nyuma ya ukuta. Nguvu ya chaja haina uwezo huo. Chembe moja ya mwanga wa taa ya chumbani ina nguvu mara mabilioni kuishinda chembe ya mawimbi ya chaja, na hakuna aliyewahi kusema kuwa mwanga wa taa huvunja mwili.

Hata hivyo haisemwi kwamba nguvu hiyo haina athari yoyote. Ikiwa kali mno, huweza kusisimua mishipa ya fahamu, na ikizidi marudio 100,000 kwa sekunde huweza pia kuupasha mwili joto. Kwa ajili hiyo Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi Isiyo ya Ayoni, ifahamikayo kwa herufi ICNIRP, imeweka mipaka. Katika mwongozo wake wa mwaka 2010, nguvu ya sumaku ya marudio haya inayowafikia watu wote isizidi mikrotesla 27. Na kwa upande wa joto, mwongozo wa mwaka 2020 umeweka kikomo cha wati 0.08 kwa kila kilo ya mwili mzima, yaani sehemu moja katika hamsini ya kiasi cha wati 4 ambacho ndicho kinachoweza kuupandisha joto la mwili kwa takriban digrii moja.

Kinachomlinda mtu zaidi ni masafa. Ukishajitenga na koili kwa masafa yanayopita upana wake, kila ukizidisha masafa mara mbili nguvu ya sumaku hushuka hadi thumuni yake. Kwa hivyo chaja iliyo juu ya meza, na mtu amekaa kitini, si jambo la kumnyima usingizi.

Ama kuhusu saratani, ni kweli kwamba mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya redio, kuanzia marudio 30,000 kwa sekunde, katika kundi la 2B, lenye maana ya "huenda". Ushahidi uliozingatiwa ulitokana zaidi na watu wanaoweka simu ya mkononi sikioni kwa muda mrefu, wala si chaja hizi. Katika kundi hilo hilo imo pia dawa inayokamuliwa kutoka katika jani zima la shubiri. Ieleweke vilevile kwamba marudio haya ya kati yamefanyiwa utafiti mchache kuliko ule wa umeme wa majumbani au wa simu zenyewe, na utafiti unaendelea.

Hatari iliyo karibu zaidi na mtu wa kawaida ni ya moto. Sarafu, funguo au karatasi ya bati ya sigara ikiingia baina ya simu na chaja hupata moto, na huweza kumchoma mtu kidole au kuiyeyusha chaja. Chaja nzuri hukitambua kitu kigeni na kujizima. Zile za bei rahisi hazina dhamana hiyo.

Kwa upande wa magari ya umeme yanayochajiwa bila ya waya katika nchi nyengine, nguvu yake hufika wati 11,000, na chini ya gari huweza kuupita mpaka uliotajwa. Kwa hivyo mitambo hiyo huwekewa vitambuzi vya kuizima iwapo mtoto atanyoosha mkono au paka ataingia chini, na paka, kama ijulikanavyo, hupenda kulala penye uvuguvugu.

Sasa tuje kwenye suala la pili. Mipaka ya ICNIRP imewekwa kwa ajili ya mwili, si kwa ajili ya kifaa kilichopandikizwa ndani yake. Kwa hivyo pahala palipo salama kwa mtu mzima wa afya hapawi salama kwa mwenye kifaa cha moyo kwa sababu hiyo peke yake. Vifaa hivyo vimetengenezwa makusudi vibadilike vikikaribiwa na sumaku, ili daktari aweze kuvipima. Kinachorekebisha mapigo huanza kupiga kwa mwendo mmoja bila ya kuufuata moyo, na kile cha kuushtua moyo unapokwenda mrama huacha kabisa kungojea hatari. Mgonjwa huenda asihisi chochote.

Tangu mwaka 2020 baadhi ya simu zimetiwa sumaku mgongoni ili zikae sawa juu ya chaja. Mwezi wa Mei 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishauri simu na saa za namna hiyo ziwekwe sentimita 15 au zaidi mbali na kifaa kilichopandikizwa, na zisichukuliwe katika mfuko ulio juu yake. Mtengenezaji mmoja mkubwa wa simu anataka sentimita 30 wakati simu inachajiwa bila ya waya. Kwetu sisi mfuko wa kanzu na wa shati uko kifuani upande wa kushoto, na huko ndiko aghlabu vifaa hivyo hupandikizwa. Mwenye kifaa hicho aiweke simu katika mfuko wa chini wa upande wa kulia, aipokee kwa sikio la kulia, na asilale na chaja kitandani. Akihisi kizunguzungu au moyo kumwenda mbio, ajitenge na chaja mara moja na aende kwa daktari wake akiwa na kadi ya kifaa.

Wakuu wa afisi wanaombwa kuyabandika maelezo haya katika mbao za matangazo, na kuziweka chaja za namna hii mbali na viti vya wageni.