Kutopasulika Si Mwisho wa Tiba ya Figo

Wagonjwa wa saratani ya figo ninaowahurumia zaidi ni wazee walioambiwa hawapasuliki. Huyu moyo umechoka, yule mapafu hayahimili nusu kaputi, mwingine amebaki na figo moja. Familia husikia maneno hayo kama hukumu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya mionzi, na nasema kwa dhati: bado kuna la kufanya.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini saratani hii haisikii mionzi, kwa kuwa dozi ndogondogo za kila siku hazikuitikisa. Siku hizi tunatoa dozi kubwa mara moja, au mara tatu, kutoka pande nyingi. Kila mwale peke yake ni hafifu. Nguvu hutimia pale yote inapokutana, ndani ya uvimbe. Utumbo ulio jirani, ambao hudhurika upesi, hupata kidogo.

Kazi ngumu ni kwamba figo haitulii, hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Kwa hiyo tunampiga mgonjwa picha za CT huku akipumua, tujue uvimbe unafika wapi. Siku ya tiba analala vilevile, tunahakiki kwa picha nyingine, kisha tunawasha mashine. Hapasuliwi wala halazwi usingizi.

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa tiba hii uliofanyika Australia na Uholanzi, ulioongozwa na Profesa Shankar Siva wa Melbourne, kwa wagonjwa 70. Uvimbe usiozidi sentimita 4 ulipewa grei 26 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mara moja. Mkubwa zaidi, grei 42 kwa mara tatu. Katika kipindi chote cha ufuatiliaji, hakuna uvimbe uliotibiwa ulioendelea kukua, wala aliyekufa kwa saratani hiyo. Lakini figo zilipungua nguvu, na mgonjwa mmoja alihitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Anayeweza kupasuliwa, upasuaji bado ndio tiba ya kwanza. Na baada ya mionzi uvimbe hunywea polepole. Ukionekana kwenye picha miezi kadhaa baadaye, msidhani tiba imeshindwa.

Basi mkiambiwa mzee wenu hapasuliki, msinyanyuke kabla ya kuuliza: uvimbe una sentimita ngapi, figo zina nguvu kiasi gani, na je, daktari wa mionzi anaweza kumwona?