AFYA YA FAMILIA: Moyo kwenda mbio, mwili kukonda: pengine ni tezi ya shingo

Katika ukurasa wa afya mwezi huu tunaongea juu ya ugonjwa ambao watu wengi wanauchanganya na mengine. Mtu anakula vizuri lakini anakonda, na majirani wanaanza kunong'ona: ana SIDA, amerogwa. Kumbe pengine ni tezi tu, na dawa yake iko.

Tezi yenyewe ni nini?
Mbele ya shingo, chini ya koromeo, kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Waganga wanaiita thiroidi. Kazi yake ni kutoa homoni zinazopanga mwendo wa mwili: moyo, joto, tumbo na akili. Homoni zikizidi, mwili wote unaenda mbio kama pikipiki iliyokwama kwenye mafuta mengi.

Dalili
- Moyo kudunda haraka, hata ukiwa umekaa
- Kukonda ingawa unakula
- Mikono kutetemeka, jasho jingi, kusikia joto wakati wengine wanajifunika
- Kukosa usingizi, hasira za haraka
- Kuhara au kwenda choo mara nyingi
- Kwa wamama, damu ya mwezi kupungua
- Kwa wengine, shingo kuvimba au macho kutokeza nje

Inatoka wapi?
Sababu ya kwanza ni ugonjwa wa Basedow: kinga ya mwili inaisukuma tezi ifanye kazi kupita kiasi. Unawapata wamama kuliko wababa. Sababu ya pili ni vinundu ndani ya goita ya zamani. Pia tezi inaweza kuvimba kwa muda baada ya mama kuzaa.

Hapa sisi tuliotoka Kivu tusikilize vizuri. Zamani chakula chetu kilikuwa na iodi kidogo, na goita zilikuwa nyingi. Katika kisiwa cha Idjwi wachunguzi walizifuatilia tangu miaka ya 1960, wakaona kwamba mihogo yenye sumu isiyotolewa vizuri inaongeza shida. Halafu chumvi ya iodi ikaletwa. Mwaka 1996 jarida la waganga, Lancet, lilieleza kwamba huko Kivu watu wengine wenye goita za zamani walipata ugonjwa huu baada ya chumvi hiyo kufika. Mwaka 1995 habari kama hiyo ilitoka Zimbabwe. Tezi iliyozoea njaa ya iodi ilishiba ghafla.

Basi tuache chumvi ya iodi? Hapana! Mama mwenye mimba akikosa iodi, akili ya mtoto inaumia, na hilo halirudi nyuma. Endeleeni nayo. Lakini mwenye goita ya miaka mingi akianza kusikia moyo unaenda mbio, asingoje. Na mihogo michungu tuiloweke siku kadhaa, tuikaushe.

Matibabu
Muganga anapima damu. Kuna vidonge vya kupunguza homoni, kama carbimazole, ambavyo mara nyingi vinamezwa mwaka mmoja au zaidi. Propranolol inatuliza moyo, lakini mwenye pumu amwambie muganga kwanza. Wengine wanahitaji upasuaji, au iodi ya mionzi katika hopitali kubwa.

Angalisho tatu:
1. Usiache vidonge kwa sababu umepata nafuu. Ugonjwa unarudi.
2. Ukiwa na vidonge hivyo, ukapata homa na koo kuuma, acha kumeza, kimbia kwa muganga siku hiyo hiyo. Damu inaweza kuwa imeishiwa na askari wake.
3. Ukiwa na mimba au unaitafuta, sema mapema. Dawa inachaguliwa kwa uangalifu.

Ugonjwa huu ukiachwa, moyo unachoka, na mtu anaweza kufa. Sisi walimu tunawaomba: ukimwona jirani anakonda, usimpe jina la ugonjwa. Msindikize kwenye kituo cha afya apimwe.