Mnyanya Hauna Mikono

Sogeeni, wajukuu zangu. Utazameni mpesheni ule ukutani: vikono vyake vimejisokota kwenye waya, nao umepanda wenyewe hadi paani. Sasa utazameni mnyanya. Hauna kikono hata kimoja. Asili yake ni upande wa milima ya Andes, Amerika Kusini, na jamaa zake wa mwituni hutambaa tu ardhini, wakizaa vitunda vidogo mno. Sisi binadamu ndio tuliovinenepesha, basi mzigo ni wetu, na egemeo tulitafute sisi.

Mnyanya ukilala chini, tunda linalogusa udongo mbichi huoza. Mvua nayo hurusha matope hadi kwenye majani ya chini, na ugonjwa wa bakajani tangulia huanzia huko.

Wengi huchomeka kijiti kimoja, wakafunga tambara, yakaisha. Kijiti kinatosha. Lakini mimi nataka bustani ya nyumbani ipendeze, maana mahali pazuri mtapapitia kila siku, na mmea unaotazamwa kila siku huonekana mapema ukianza kuugua.

Chukueni mianzi mitatu ya meta mbili hivi. Ichimbieni kwa pembetatu, kisha vichwa vyake vifungeni pamoja kwa kamba ya katani. Huo ni msonge, na kila mguu una mnyanya wake. Mimi hupenda zaidi wigo wa fito zilizopishanishwa, ufundi ule ule wa ukuta wa nyumba ya udongo kabla haujakandikwa. Matawi mnayapitisha katika vijidirisha vyake, na nyanya zikiiva zinaning'inia nyekundu juu ya fito za kijivu.

Kufunga kuna adabu yake. Kamba ipite kwa umbo la nane, tundu moja la fito na jingine la shina, nalo la shina liwe legelege, kidole kipite, kwa kuwa shina litanenepa. Waya mwembamba hulikata. Na miti isimikwe siku ile ile ya kupanda mche. Mkichelewa mtaichoma mizizi.

Mnyanya mfupi, Cal J kwa mfano, unatosheka na wigo wa kufika kiunoni. Mrefu ndio unaotaka msonge. Basi muulizeni muuza mbegu kabla hamjakata mianzi.