Vyombo Vilivyoungwa na Mtandao

Zamani printa ilifungwa kwa waya nyuma ya kompyuta moja. Kompyuta ile ilipozimwa, printa nayo ililala. Siku hizi printa huungwa na mtandao wenyewe, na kila kompyuta ya shule yaweza kuipelekea kazi. Kadhalika kamera za ulinzi. Faida ni kubwa, lakini lazuka swali: msimamizi wa chombo hicho ni nani?

Yafaa tujue kwanza kwamba chombo cha namna hii ni kompyuta ndogo chenyewe. Kina anwani yake, yaani namba nne zilizotengwa kwa nukta, mathalani 192.168.1.20. Mara nyingi anwani hutolewa na ruta, nayo yaweza kubadilika. Hapo kompyuta huitafuta printa mahali pa jana zisiione, na watu hudhani imeharibika. Dawa yake ni kuitengea anwani moja ya kudumu.

La pili ni neno la siri. Vyombo vingi hutoka kiwandani na neno la siri lijulikanalo na watu wengi. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai ilijaribu maneno kama hayo, 60 na zaidi, ikanasa kamera na ruta nyingi mno duniani. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule vyombo hivyo viliishambulia kampuni ya Dyn huko Marekani, na tovuti nyingi mashuhuri hazikufikika kwa saa kadhaa. Kamera zilizonaswa ziliendelea na kazi yake kama kawaida, na wenyewe hawakushtuka.

Sisi wa Kampala jambo hili latuhusu. Tangu 2001 makampuni ya intaneti hukutana katika kituo cha UIXP, yakabadilishana habari za Uganda hapa hapa bila kuzizungusha ng'ambo. Shirika la RENU, lililoundwa 2006, huunganisha vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Basi njia ni ya wote, na chombo kimoja kilichoachwa ovyo chaweza kuwaudhi majirani wengi.

Kwa hiyo kila shule iwe na daftari. Kila chombo kiandikwe jina, mahali kilipo, anwani yake, siku programu yake ilipofanywa upya, na mtu anayekiangalia. Neno la siri libadilishwe siku ya kwanza, wala lisiandikwe humo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.