MTOTO KAUGOMA UJI? LADHA HAITOKI KWENYE SUKARI

Leo naongea na wewe unayeuza unga wa lishe mtandaoni. Hata kama unauza dagaa wa kusaga, ubuyu au siagi ya karanga, usipite, maana mama anayenunua unga wangu ndiye anayenunua na vitu vyako.

Kuna meseji inaua biashara hii kuliko hata ile ya "bei kubwa, punguza". Ni ile ya: "Dada, mtoto kaugoma uji wako."

Tupige hesabu kidogo. Mtoto anaanza kula akitimiza miezi 6, na uji unabaki kwenye ratiba yake mpaka afike miaka 2. Hiyo ni miezi 18. Mama akinunua kilo 1 tu kwa mwezi, mteja mmoja ni kilo 18. Mtoto akigoma wiki ya kwanza, umeuza kilo 1 na zile 17 zimekwenda. Na usisahau, mama huyo ana shoga zake kliniki na kwenye magrupu ya WhatsApp.

Sasa wengi hapa wanakimbilia njia ya mkato. Wanachanganya sukari humohumo kwenye paketi, au wanamwambia mama aweke sukari kidogo na chumvi kwa mbali. Mimi wateja wananiomba hivyo kila mwezi. Nakataa, na sababu nawaeleza vizuri.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema vyakula vyenye sukari nyingi au chumvi nyingi havimfai mtoto wa miezi 6 hadi 23. Figo zake bado changa kwa chumvi, sukari inamharibia meno, na akizoea utamu mkali hataki tena kitu kingine. Asali nayo usimpe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, hata ya kulamba. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mpaka ashindwe kunyonya.

Kwa hiyo ladha tunaitoa wapi? Twende kazi.

1. LADHA INAANZIA SOKONI

Ukiona paketi imeandikwa "nafaka 12", jiulize nani alizichambua zote hizo. Mimi mchanganyiko wangu una vitu vinne: ulezi kilo 2, mchele kilo 1, soya nusu kilo na karanga nusu kilo. Yaani nafaka kilo 3 kwa kilo 1 ya vitu vya protini. Vitu vikiwa vichache unavisimamia, na mtoto akipata vipele au akitapika, mama anajua pa kuanzia kutafuta.

Karanga ndiyo kitu cha kuogopa. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yanashika fangasi wanaotengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kabla ya hapo, mwaka 2004, iliua watu zaidi ya 100 Kenya. Sumu hii huioni kwa macho, na kukaanga au kupika hakuimalizi. Kinga yako ni kuchambua: karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye ukungu, tupa. Usiseme "nitaisaga haitaonekana". Mtoto anakula uji huohuo kila siku, na hawezi kukwambia una ladha mbaya.

2. KAANGA KILA KITU PEKE YAKE

Hapa ndipo harufu nzuri inapozaliwa. Kaanga bila mafuta, moto mdogo, huku unakoroga. Ulezi unaiva mapema kuliko soya, kwa hiyo ukiviweka pamoja kimoja kitaungua na kingine kitabaki kibichi. Unga ulioungua ni mchungu, na mtoto atautema kijiko cha kwanza.

Soya ina hatua ya ziada. Ichemshe kwanza dakika 20 hivi, toa maganda, anika ikauke kabisa, halafu kaanga. Soya isiyoiva ina ladha ya maharage mabichi na inasumbua tumbo la mtoto.

Mashineni napo kuwa macho. Muulize msagaji kabla yako kasaga nini. Kama ilikuwa pilipili au dagaa, subiri, au anza kupitisha mchele wako kidogo uoshe mashine. Ukitoka hapo acha unga upoe ndipo ufunge. Ukifunga wa moto, unatoa jasho ndani ya paketi na ukungu unaanza.

Saga kidogo kidogo pia. Unga wenye karanga na soya una mafuta, ukikaa sana unachacha na kuwa mchungu. Mimi nasaga kulingana na oda za wiki, na tarehe ya kusaga naandika kwenye paketi.

3. MTUMIE MAMA NAMNA YA KUPIKA

Unga mzuri unaweza kuharibiwa jikoni. Kila oda ikitoka, natuma ujumbe huu WhatsApp. Uchukue uutumie:

"Koroga vijiko 4 vya unga kwenye maji ya baridi kidogo. Mimina kwenye maji yanayochemka, jumla iwe kikombe kimoja na nusu. Pika moto mdogo dakika 15 hadi 20 huku unakoroga. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika."

Uzito ni jambo kubwa. Tumbo la mtoto ni dogo, ukilijaza uji mwepesi umelijaza maji. Lakini uji mzito sana unamshinda kumeza. Dawa yake bibi zetu waliijua: KIMEA.

Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, funika na kitambaa kibichi siku 2 au 3 mpaka uchipue. Anika ukauke, pukuchua vichipukizi, saga. Kimea usikikaange, moto unaua nguvu yake. Uji mzito ukishaiva, uepue, upoe kidogo, tia kijiko 1 cha chai cha kimea, koroga. Utaona unalainika bila kuongeza maji. Halafu urudishe jikoni uchemke dakika chache ili uwe salama.

Kwa nini nakwambia hiki kwenye mambo ya ladha? Kwa sababu kimea kinavunja wanga kuwa sukari yake ya asili. Uji unapata utamu wa mbali na hujagusa bakuli la sukari. Mimi nauza paketi ndogo ya kimea pembeni, na mama aliyekionja huwa anakirudia.

4. VIONJO VYA KUBADILISHA KILA SIKU

Hata wewe ukipewa uji uleule siku 30 utagoma. Mshauri mama abadilishe:

- Ndizi mbivu iliyopondwa, akiichanganya uji ukishaiva.
- Boga au kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa. Rangi inapendeza na utamu ni wake wenyewe.
- Tui la nazi vijiko 2, hasa kwa watoto wa Pwani ambao hata mama zao wanalipenda. Ladha za chakula anachokula mama hupita kwenye maziwa yake, kwa hiyo mtoto anayenyonya anaweza kuwa ameshazionja.
- Unga wa ubuyu kijiko 1 cha chai, uji ukishaepuliwa. Ni ule mweupe wa asili, siyo ule mwekundu wa peremende wenye sukari na rangi. Una vitamini C nyingi, na moto unaiharibu, ndiyo maana unawekwa mwisho.
- Dagaa wasio na chumvi, waliooshwa mchanga ukaisha, wakakaangwa na kusagwa laini. Kijiko 1 cha chai kinatosha. Ukifuatisha na ubuyu au chungwa, madini ya chuma yaliyo kwenye uji yanafyonzwa vizuri zaidi.

Madini ya chuma yasisahaulike. Akiba ambayo mtoto alizaliwa nayo inapungua karibu na miezi 6, na uji wa nafaka peke yake hauwezi kuirudisha. Ndiyo maana mimi nawaambia wateja wangu wazi: uji peke yake hautoshi. Mtengenezee mtori, nyama iive mpaka ilainike, ponda pamoja na ndizi. Au viazi vitamu na kipande cha ini kilichopondwa. Kitunguu, karoti na nyanya vinatoa ladha ya kutosha bila chumvi.

Unaweza kusema nawapunguzia mauzo yangu. Mbona wanarudi! Mtoto akiwa anakula vizuri na kukua, mama anakuamini wewe.

5. AKIGOMA, MAMA ASIKATE TAMAA MAPEMA

Mtoto kutema kijiko cha kwanza siyo lazima iwe anauchukia uji. Ladha mpya inaweza kuhitaji kujaribiwa mara 8 hadi 10, au zaidi, ndipo aikubali. Mama aanze na vijiko 2 au 3, wakati mtoto ana njaa kiasi lakini hajaanza kulia, na asimlazimishe. Kitu kipya kiwe kimoja kimoja, siku chache kila kimoja, hasa karanga, dagaa na soya. Ndiyo maana mama wa mtoto anayeanza kabisa namuuzia kwanza unga wa ulezi mtupu. Akishazoea, ndipo namletea mchanganyiko.

Uji usikae juani wala mezani zaidi ya saa 2. Apike kidogo, apike tena.

Na kama mtoto anagoma kila kitu, anapungua uzito, anaharisha au ana homa, mwambie mama aende kituo cha afya. Usimuuzie paketi nyingine. Hapo biashara inakaa pembeni.

6. MANENO YA KUTOWEKA KWENYE TANGAZO

Usiandike "kuanzia miezi 4". Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, na hata baada ya hapo ananyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Usiandike "inaongeza akili" wala "inanenepesha ndani ya wiki". Andika kilichomo, tarehe ya kusaga, namna ya kupika na umri: miezi 6 na kuendelea. Usisahau kuandika wazi kwamba kuna KARANGA na SOYA.

Na ukitaka kukua zaidi ya stetasi ya WhatsApp, ulizia SIDO mkoani kwako, wana mafunzo ya usindikaji wa vyakula. Usajili wa vyakula tangu 2019 uko TBS. Usisubiri waje wakukute, nenda wewe kaulize.

KAZI YA WIKI HII: pika uji wako mwenyewe, bila sukari, bila chumvi, onja kijiko kizima. Ukikushinda wewe, usimtumie mteja. Rudi kwenye kuchambua na kukaanga.

Wewe unachanganya nini kwenye unga wako, na wateja wanalalamikia nini zaidi? Andika kwenye komenti, najibu mwenyewe. Na kama una mwenzako anauza lishe, mtumie hii.