Kulala Majini Kati ya Majanji na Port Victoria



Wengi wetu tulio katika viwanda vya Tororo na mashamba ya miwa ya Busia tuna jamaa kando ya Ziwa Victoria: Majanji, Sio Port, Port Victoria, hata kisiwani Sigulu. Siku za mapumziko tunapanda mashua za tanga kwenda kuwaona au kuvua pamoja nao. Hatari huanza Jumapili jioni. Mtu anataka kuwahi king'ora cha Jumatatu, upepo unamwishia njiani, inambidi alale majini.

Kosa letu ni kuchagua mahali kwa kutazama upepo wa saa ile. Mchana jua huipasha nchi kavu upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa upesi, upepo ukageuka na kutoka bara. Ukitia nanga karibu na ufuko saa tatu usiku, maji yametulia na omo imeelekea nchi kavu. Hapo watu hujifunika tanga wakalala.

Lakini pepo hizo za bara, zikitoka kila upande wa ziwa, hukutana juu ya maji na kuzaa mawingu ya radi. Mvua ikishuka, hewa baridi hushuka nayo na kusambaa, na kwa dakika chache upepo waweza kuja kutoka ziwani. Mashua itaizunguka nanga na kuangukia upande wa ufukoni. Kwa hiyo kati ya nanga na mawe ya ufuko pawe na nafasi ya kamba yote pamoja na urefu wa mashua, tena izidi.

Kamba isifanyiwe ubahili. Penye maji ya mita 3, toeni mita 15 au 20, ili nanga ivutwe kwa ubavu isiinuliwe. Jiwe la kufunga kamba linafaa kwa saa chache za kuvua, dhoruba italiburuta.

Katika Ghuba ya Berkeley, mto Sio unapoingia ziwani mpakani mwa nchi zetu mbili, mafunjo hupunguza nguvu ya mawimbi. Hata hivyo tope lake ni laini, na magugu maji, yaliyoenea ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, husukumwa na upepo. Lundo lake likiilalia kamba, mashua huondoka na nanga yake. (Mbu na viboko hatujawataja.) Tena ziwa lilipofurika mwaka 2020, miti na nyua za kando ya maji zilizama. Waulizeni wavuvi wa hapo palipo na visiki, kabla jua halijatua.

Mkiisha kutia nanga, linganisheni vitu viwili vya nchi kavu, kama mti na paa lililo nyuma yake, au taa mbili. Vikiachana na upepo haujageuka, nanga inaburutika. Mmoja akeshe. Radi ikionekana upande wa ziwa, ni heri kuivuta mashua nchi kavu na kulala chini ya mti mfupi? Hapana, si chini ya mti: ombeni hifadhi nyumbani kwa mtu.

Atakayechelewa kazini kwa ajili ya dhoruba amwone katibu wa tawi siku hiyohiyo, kabla karatasi ya mahudhurio haijapelekwa ofisini.